Imerudi, Toa Yako

Lusekelo alikuwa amebakiza kubofya kitufe kimoja tu aliposikia baba mkwe wake akikohoa kwenye korido.

Kikohozi kile hakuhitaji kuambiwa ni cha nani. Tangu aolewe na Gideoni alikuwa amekaa ua mmoja na mzee huyo kule Tukuyu, mpaka yeye na mumewe walipohamia Uyole, na kwa muda wote huo hakuwahi kumtazama usoni. Alimjua kwa kikohozi, kwa mlio wa mkongojo, na kwa koti jeusi lililokuwa likianikwa uani. Ndivyo walivyokaa Wanyakyusa wa zamani: mke wa mtoto hamwoni baba mkwe, hapishani naye njiani, hakai naye chumba kimoja, halitamki jina lake, na sauti yake haitakiwi kufika masikioni mwa mzee. Siku hizi wengi wameyaacha hayo, wanakula meza moja na wakwe zao wakipokezana chumvi. Lakini Mzee Asukile hakuacha. Alikuwa mzee wa kanisa, mjumbe wa ushirika wa parachichi, mwenye simu ya kupangusa, na bado kila alipotaka kupita uani alikohoa kwanza ili mke wa Gideoni apate kujificha.

Sasa alikuwa anakohoa pale ofisini alikofanya kazi Lusekelo.

Lusekelo alitazama skrini. Ilikuwa na mistari miwili. Mmoja uliandikwa MBEYA na taa yake ilikuwa nyekundu. Wa pili uliandikwa IRINGA na taa yake ilikuwa ya kijani. Pembeni ya kila mstari kulikuwa na vitufe viwili: Toa, na Rudisha.

Siku alipoanza kufundishwa kazi ile alikuwa mfagiaji. Aliishia darasa la tano, na Ezron, mwenye ofisi, alilijua hilo. Lakini Ezron aliona jinsi alivyokuwa akifuta meza na macho yake yakibaki kwenye skrini, akamwita siku moja na kumwonyesha. Mfumo wao uliitwa Kapu. Mkulima akiwa na parachichi za kuvuna anatuma ujumbe kwa simu, Kapu inampangia lori la baridi na saa ya kufika. Ujumbe ulikuwa mwingi mno kwa mashine moja, ndiyo maana kulikuwa na seva mbili, moja hapo Uyole, Mbeya, na nyingine Iringa mjini, na programu iliyokaa mlangoni ikigawa kazi.

"Chukulia ni mashine mbili za kusaga," Ezron alimwambia. "Akina mama wanakuja na ndoo zao. Mlangoni kuna mtu anasema, wewe nenda huku, wewe nenda kule. Sasa nataka kubadilisha mkanda wa mashine moja. Nafanyaje? Nazima tu?"

"Mahindi ya watu yatakuwa bado yapo ndani," Lusekelo alisema kwa sauti ya chini.

"Eeh! Kwa hiyo namwambia mtu wa mlangoni asilete mtu mpya huku. Waliomo wamalize. Wakimaliza ndipo nazima, natengeneza, halafu narudisha. Na wakati wote huo mashine ya pili inasaga. Nikizitoa zote mbili?"

"Watu watalala njaa."

Ezron alicheka akasema kazi ameijua. Ukibofya Toa, taa ilikwenda njano, maana yake seva inamalizia waliomo. Ikiwa nyekundu, iko nje, itengenezwe. Ukibofya Rudisha, ilipimwa, ikawa kijani. Tangu hapo Lusekelo ndiye aliyekuwa akitoa na kurudisha seva ya Mbeya, na upande wa Iringa alikuwapo binti aitwaye Faustina, mdogo wake kwa umri, mwenye cheti cha chuo na mdomo usiochoka.

Walikuwa na utaratibu wao mmoja. Skrini ilichelewa. Mtandao kati ya miji hiyo miwili ulikuwa wa kusuasua, na Faustina aliweza kuiona Mbeya bado nyekundu wakati Mbeya imeshakuwa kijani kitambo. Kwa hiyo waliacha kuamini rangi ya upande wa pili. Aliyetoa alirudisha mwenyewe, kisha akapiga au akapigiwa simu: imerudi, toa yako. Faustina alikuwa akisema, "Dada, mimi rangi hizi zimenichosha. Nakusikiliza wewe."

Asubuhi ile kulikuwa na toleo jipya la Kapu la kuweka kwenye seva zote mbili, Mbeya kwanza, Iringa baadaye. Lusekelo aliitoa ya Mbeya, akangoja njano iishe, akaweka toleo jipya, akasoma mstari mmoja mmoja kwa kidole mpaka programu ikasema tayari. Kidole kilikuwa kinaelekea kwenye Rudisha. Na mzee akakohoa tena, safari hii karibu na kitasa.

"Karibuni, wazee wangu, hapa ndipo penyewe," sauti ya Ezron ilisema.

Lusekelo hakubofya. Alijifunika kanga kichwani, akauchukua ule mkono uliokuwa hewani kama si wake, akatokea mlango wa nyuma.

Nje kulikuwa na ua mdogo wenye jenereta. Alisimama nyuma ya jenereta. Ilikuwa Juni, baridi ya Uyole ilikuwa inang'ata masikio. Alijisemea kuwa ni wageni wa ushirika, wamekuja kuona mashine, wataziona, watatoka. Seva haina cha kuonyesha. Ni sanduku jeusi lenye vitaa.

Alichosahau ni kwamba chumba kile ndicho pekee ofisini kilichokuwa na joto. Mashine zilikuwa zinapuliza hewa ya moto mchana kutwa.

"Lo, hapa kama jikoni kwa mama," mzee mmoja alisikika dirishani. "Ezron, kumbe unatuzungusha kwenye baridi wakati pa kukaa ni hapa?"

"Leteni viti," Mzee Asukile alisema. "Chai tutainywea humu humu."

Viti vikaburuzwa. Vikombe vikagonganishwa. Na simu ikatetemeka mkononi mwa Lusekelo.

"Kamwene, dada mkubwa!" Faustina alimsalimu kwa Kihehe, huku anatafuna kitu. "Vipi, ya kwako imerudi? Huku ujumbe unamiminika kama mvua ya masika, nataka niitoe ya kwangu mapema nimalize."

Lusekelo aliibana simu sikioni. Dirisha lilikuwa juu ya kichwa chake, limefunguliwa nusu. Alimsikia mzee akipuliza chai yake. Kama yeye alimsikia mzee akipuliza chai, mzee angemsikia yeye akisema. Angesema "bado," Faustina angeuliza kwa nini bado, kuna nini, uko wapi, mbona kimya, maana Faustina hakujua kuuliza swali moja. Na wazee walikuwa wanatoka sasa hivi. Chai ya kikombe kimoja tu.

"Imerudi," alinong'ona ndani ya kanga. "Toa yako."

"Mbona unanong'ona kama mwizi wa kuku?"

"Toa tu, mdogo wangu." Akakata.

Kule Iringa, Faustina aliona Mbeya ni nyekundu, kama alivyozoea kuiona. Akabofya Toa. Programu ikamuuliza: hii ni seva ya mwisho iliyo kazini, una uhakika? Swali hilo alikuwa ameulizwa mara nyingi kwa sababu ya skrini kuchelewa. Akabofya Ndiyo, akaenda kujiongezea chai.

Wazee hawakutoka. Kikombe kimoja kilizaa kingine. Ezron, ambaye alikuwa amezima simu yake kwa heshima ya wageni, alikuwa akieleza hadithi ile ya mashine za kusaga, na wazee wakicheka pale pale alipocheka yeye siku ile ya kumfundisha Lusekelo. Kitufe kilikuwa upande wa pili wa ukuta. Angeweza kuingia akiwa ameinama, akabofya, akatoka. Wengine wangefanya hivyo. Angeweza pia kumpigia Faustina, amwambie rudisha ya kwako haraka, nimekudanganya. Hilo alilifikiria. Alilifikiria mpaka namba ikawa mbele ya kidole chake. Lakini kila alipotaka kupiga alisikia kiti kikilia, akajisemea wanainuka, kuna haja gani ya kujiaibisha kwa jambo litakalokwisha sasa hivi. Akairudisha simu kifuani. Hapo ndipo palipokuwa na kosa lenyewe, na alilifahamu hilo tangu akiwa pale pale nyuma ya jenereta.

Walipoinuka kweli, jua lilikuwa limeshapanda. Lusekelo aliingia mbio, akabofya Rudisha, akaona taa ikigeuka kijani. Baada ya kitambo, ya Iringa nayo ikawa kijani. Alikaa chini akiangalia taa zile mbili nzuri zikimtazama. Malori yalikuwa yameshapangiwa njia.

Malori yalipangwa kwa ujumbe uliokuwa umeingia mapema, wa Rungwe na wa Nyololo. Kilolo, upande wa Iringa, ilikuwa haimo. Akina mama wa Kilolo walikuwa na desturi ya kuchuma kwanza, wakahesabu makreti, ndipo wakatuma ujumbe, kwa sababu hawakupenda kuahidi kitu kilichokuwa bado mtini. Siku ile walichuma, wakatuma, wakatuma tena, na Kapu ikanyamaza. Parachichi zikakaa kwenye banda la kukusanyia siku ile na iliyofuata. Lori lilipofika, mnunuzi alibonyeza moja kwa kidole gumba, akabonyeza ya pili, akatikisa kichwa akaondoka.

Ezron alifungua kumbukumbu za programu na Lusekelo akiwa amesimama nyuma yake. Ilikuwa imeandikwa wazi: seva ya mwisho imetolewa na Faustina. Akampigia simu na kuiweka kwenye spika.

"Faustina, programu haikukuuliza?"

"Iliniuliza, bosi."

"Na ukasema ndiyo?"

"Dada Lusekelo aliniambia ya Mbeya imerudi. Muulize, si yuko hapo?"

Ezron aligeuka. "Ulimwambia hivyo?"

Lusekelo alifungua mdomo. Aliona maneno yote yaliyokuwa yanamngoja: ndivyo ilivyo ukimpa mashine mtu wa darasa la tano. Hakuna aliyekuwa ameyasema. Aliyasikia tu, kwa sauti ya kila mtu aliyemjua. Akainamisha kichwa, na machozi yakamdondoka kwenye zulia alilokuwa akilifagia zamani.

"Basi, basi," Ezron alisema, na sauti yake ikalainika. "Usilie. Najua wewe si mtu wa kumsema mwenzako." Kisha akaisogelea simu. "Faustina, unamwona mwenzako mpole unataka kumtwika? Tutaongea Iringa."

Faustina, mwenye mdomo usiochoka, alikata simu.

"Na wewe kuchelewa kurudisha, nimeelewa," Ezron aliendelea. "Mkweo alikuwa humu. Mimi ndiye mkosaji, ningekuambia wanakuja." Akamletea chai kwa mikono yake mwenyewe. Lusekelo aliinywa. Ilikuwa na sukari nyingi mno.

Jioni ujumbe wa Faustina uliingia. *Dada sema tu ukweli, mimi sitakuchukia.* Lusekelo aliusoma akauacha bila kuujibu. Kesho yake mwingine: *Huku Kilolo wanamwambia mama, Veneranda, binti yako amezima parachichi. Kanisani wanamcheka.* Baada ya hapo hakukuja tena ujumbe, na simu ile iliyokuwa ikimchosha kwa kelele ilikaa kimya hata ikamtisha.

Alimweleza Gideoni wakiwa wanamenya viazi. Hakumficha kitu. Gideoni alisikiliza, akaendelea kumenya kiazi kilichokuwa kimeshamenyeka.

"Utasema ulimkimbia nani?" aliuliza mwishowe.

"Nitasema nilikuwa napisha wageni."

"Watauliza wageni gani wa kumkimbiza mtu na kazi mkononi. Itabidi umtaje baba. Mbele ya Wahehe na Wabena, mbele ya vijana wa ofisini. Watasema mzee wa Tukuyu amewaozeshea watu parachichi kwa ushamba wake." Aliweka kisu chini. "Nyamaza, mke wangu. Huyo binti ana cheti, atapata kazi nyingine. Wewe una nini?"

Swali lile lilimuuma kwa sababu lilikuwa la kweli, na kwa sababu lilimfaa.

Mkutano uliitishwa Iringa, kwenye ukumbi wa parokia, wajumbe wa ushirika wa pande zote wakutane na watu wa Kapu. Ezron alimchukua Lusekelo kwenye pikapu ya ofisi. Wajumbe wa Rungwe walitangulia na gari lao, na walipofika Nyololo, Ezron na Lusekelo wakalikuta limesimama kwa chai. Ezron alishuka. Lusekelo alibaki ndani ya pikapu, kanga imemfunika uso wote, akisikiliza watu wakiagiza mahindi ya kuchoma, na kikohozi kile katikati yao.

Ukumbini aliomba asiingie. Ezron alielewa, akamwekea kiti nje, chini ya dirisha. Kwa hiyo kwa mara ya pili akawa ukutani, akisikiliza.

Mwenyekiti alikuwa mwalimu mstaafu wa Iringa, Liberatus, mtu wa maneno ya upole. Alimpa Faustina nafasi ya kujieleza. Faustina alisema yale yale aliyoyasema kwenye simu, bila kuongeza wala kupunguza, kwa sauti kavu ambayo Lusekelo hakuijua.

"Ninyi vijana wa kompyuta," mjumbe mmoja aliingilia, "mashine inakuuliza una uhakika, unajibu ndiyo! Hata mwanangu nikimuuliza umenawa anafikiria kwanza."

Watu wakacheka.

Ndipo mkongojo ukagonga sakafu, na Mzee Asukile akasema. "Huyu binti anasema ameambiwa na mkwe wangu. Mkwe wangu ninyi hamumjui. Hata mimi mwenyewe sura yake siijui." Kicheko kikapita tena, naye akakiacha kipite. "Lakini kwa miaka yote aliyokaa uani kwangu sijasikia neno baya kutoka kwake. Sijasikia neno lolote. Mtu wa namna hiyo hawezi kudanganya. Huyu binti ameharibu mara mbili, kwanza parachichi za watu, sasa na jina la nyumba yangu. Mimi nasema atafute kazi nyingine."

"Anayeunga mkono?" Liberatus aliuliza.

Lusekelo alisikia viti vikisogea watu wakiinua mikono. Miguu yake ilisimama kabla yake. Alivuta kanga mpaka kidevuni, akaingia mlangoni akiwa ameinama, akapita kando kando ya ukuta hadi mbele. Hapo hakujua ageukie wapi. Akageukia ukuta, mgongo kwa watu wote, uso wake karibu ugonge picha ya Bikira Maria.

"Huyu naye ni nani?" mtu aliuliza.

"Binti, sisi tuko huku," Liberatus alisema. "Mbona unaongea na ukuta?"

"Mwache, mwenyekiti," Ezron alisema haraka. "Lusekelo, huna haja ya..."

"Nilimwambia," Lusekelo alisema.

Sauti ilitoka ndogo, lakini ukumbi ulikuwa na mwangwi. Alisikia mkongojo ukianguka. Sasa mzee alikuwa ameshaisikia, na lililosikika halirudishwi kwa kitufe. Akaendelea, akiogopa kwamba akinyamaza hata kidogo hataweza tena.

"Nilimwambia Faustina imerudi, toa yako. Ilikuwa haijarudi. Nilijua haijarudi. Wazee waliingia kwenye chumba cha mashine, na mmoja wao ni baba mkwe wangu. Kwetu simwoni. Nikatoka nyuma bila kurudisha seva. Faustina aliponipigia nikaogopa kusema sana, baba asinisikie. Nikamdanganya ili akate simu. Halafu nikangoja watoke. Ningeweza kumpigia tena. Sikumpigia. Kaka Ezron aliponiuliza, nikalia, akadhani namhurumia Faustina. Nikamwacha adhani. Faustina hana kosa."

Hakuna aliyecheka. Nyuma yake kiti kilisukumwa. Mwendo wa mzee, bila mkongojo, ulielekea mlango wa pembeni, polepole, ukigusa gusa benchi moja baada ya nyingine kama mtu anayetembea macho yamefunikwa. Na kweli, Ezron alimweleza baadaye, mzee alikuwa ameishusha kofia mpaka puani. Alipotoka, mtu mmoja aliokota mkongojo akamfuata nao, na muda si mrefu gari la Rungwe likasikika likiwashwa.

Lusekelo alitamani Ezron amkaripie. Ezron alitazama tu sakafu kama mtu aliyemtukana mtoto asiye na kosa, na mtoto huyo, Faustina, alikuwa amekaa pale mbele yake na cheti chake.

Liberatus aliuliza kama mikono ile iliyoinuliwa ishuke. Ikashuka. Wakasema Faustina abaki kazini, na Lusekelo asiguse vitufe tena mpaka wakubaliane vinginevyo. Programu ilikuwa na njia ya kumwacha mtu atazame taa bila kuweza kutoa wala kurudisha chochote. Ezron alifanya hivyo pale pale kwa simu yake. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua.

Lusekelo alimkuta Faustina kwenye ngazi za nje. Hawakuwa wamewahi kuonana ana kwa ana. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake.

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Usiniite mdogo wako." Faustina alifunga na kufungua kamba ya mkoba. "Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri labda kweli sikusikia vizuri. Nimelala nikijiuliza, labda ni mimi. Umenifanya nijione mwendawazimu, dada."

Lusekelo alishuka ngazi moja, akasimama chini yake.

"Humo ndani umesema," Faustina aliendelea. "Haya, ni vizuri, sijafukuzwa. Lakini wajumbe hawa wataenda kwao, na akina mama wa Kilolo hawakuwepo. Kilolo bado mimi ndiye niliyezima parachichi. Mama yangu anapita njia ya nyuma kwenda kisimani. Mimi msamaha wangu uache kwanza. Nenda kawaambie wale."

"Nitakwenda."

"Kwa mdomo wako. Usimtume Ezron."

"Kwa mdomo wangu."

Usiku huo walilala Iringa kwa shangazi yake Ezron. Lusekelo alimpigia Gideoni. Gideoni alisema baba amefika nyumbani Tukuyu, chakula amekirudisha. Hakusema rudi. Hakusema usirudi. Alisema tu, "Uliamua," kisha salio likaisha, au akakata.

Asubuhi Ezron alimpeleka Kilolo. Banda la kukusanyia lilikuwa pembeni ya barabara ya vumbi, limeezekwa bati, na harufu iliwapokea kabla hawajashuka. Akina mama walikuwa wamekaa wamezunguka rundo, wakipasua parachichi zilizolainika, kokwa huku, nyama kule, za kulisha nguruwe. Mikono yao ilikuwa ya kijani hadi kwenye viwiko.

"Kamwene," Lusekelo alisema.

"Kamwene," waliitikia, wakiitazama pikapu yenye jina la Kapu ubavuni.

"Wamekuja kutuzimia nini tena leo?" mmoja aliuliza, na wenzake wakaguna.

Mama Veneranda, mzazi wa Faustina, hakuwa mgumu kutambulika. Alikuwa amekaa peke yake upande wa pili wa rundo, na kati yake na mwanamke aliyemfuata palikuwa na nafasi ya watu wawili. Lusekelo alikwenda akapiga magoti mbele yake kwenye maganda. Alisema yote. Alisema kama alivyosema ukumbini, ila safari hii hakukuwa na ukuta wa kuangalia. Kulikuwa na uso wa mwanamke mzima, mwenye makunyanzi na macho yasiyopepesa, na kisu kilichosimama katikati ya parachichi.

Alipomaliza, mama mmoja alipiga viganja kwa mshangao. "Mkwe! Kumbe ni mkwe!"

"Hata sisi wakwe tunawapisha," mwingine alisema. "Mama yangu kila alipomwona baba mkwe wake alijitupa kwenye mahindi. Lakini hakujitupa na ufunguo wa ghala la watu."

"Mwacheni," Mama Veneranda alisema. Alifuta kisu kwenye kitenge. "Binti, nikuulize. Ulipokuwa huko nyuma ya hiyo jenereta, ulijua kuna watu wamechuma?"

"Nilijua, mama."

"Ulitujua sisi?"

"Sikuwajua kwa majina. Nilijua mpo."

"Na ukamwogopa yeye kuliko sisi."

Lusekelo alitaka kusema kwamba si hivyo, kwamba ni mila, kwamba alilelewa hivyo, kwamba alidhani watatoka sasa hivi. Yote yalikuwa kweli, na hakuna hata moja lililojibu alichoulizwa.

"Ndiyo, mama," alisema.

Mama Veneranda aligeuza kichwa kuelekea upande wa pili wa banda, walikokuwa wamekaa wale waliomcheka kanisani, wakiwa wameacha visu vyao.

"Wale kule hawajasikia," alisema. "Simama useme tena."

Lusekelo alisimama. Magoti yake yalikuwa na ute wa kijani, na kanga ilikuwa imemwangukia mabegani, hakuipandisha. Alivuta pumzi, akasema tena tangu mwanzo, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia mahali popote tangu aolewe.